Mwacheni Mbwa wa Iceland Abweke

Kuna mbwa wa kuchunga ambaye watu humpenda kwa picha, kisha wakamchoka kwa sauti. Ni mbwa wa kondoo wa Iceland, aina pekee ya mbwa wa asili katika kisiwa hicho. Walowezi wa Norwei walifika naye mwishoni mwa karne ya 9, na tangu hapo kazi yake imekuwa kusukuma kondoo na farasi, huku akibweka. Msimamo wangu ni huu: asiyetaka kelele zake asimchukue kabisa.

Kelele hizo zina sababu. Wakati wa kiangazi kondoo wa Iceland huachiwa wajilishe milimani bila mchungaji. Ikifika Septemba wakulima hupanda huko kwa farasi na kwa miguu, wakawakusanya na kuwashusha hadi kwenye zizi kubwa la pamoja, ambako kila mtu huwatambua wake kwa alama za masikioni. Huko juu ni mawe ya volkano, makorongo na ukungu. Kondoo aliye nyuma ya mwamba hamwoni mbwa, ila anamsikia, na mwenye mbwa naye anajua kwa sauti hiyo mbwa wake yuko wapi. Ndiyo maana huyu hanyemelei kimya na kukodoa macho kama Border Collie, mbwa wa kondoo wa Uingereza. Hukimbia huku na huku akipayuka, na kundi linasogea. Hata angani hutazama. Humfokea ndege mkubwa anayepita, kwa kuwa kunguru na tai ni hatari kwa mwanakondoo mchanga. Sasa mtu anamfungia kwenye ua mdogo mjini, halafu analalamika kwamba mbwa wake anamfokea mwewe!

Wapo wanaomvalisha kola ya umeme inayomchoma kila akifungua mdomo. Huo ni ukatili, na haumfundishi kitu, kwa maana mbwa huyu ana moyo mwepesi na akitishwa hunywea. Anachohitaji ni mtu wa kumwitikia. Akibweka, nenda ukaone anachokuonyesha, mwambie basi, akinyamaza mpe kipande cha nyama. Rudia kwa subira tangu akiwa mdogo. Atajua kiasi, ingawa hatakuwa bubu.

Kwa tabia ni mchangamfu na mdadisi, hapendi ugomvi, na hana hamu kubwa ya kuwinda. Mgeni akija atamtangaza mtaa mzima, kisha atamkimbilia kwa furaha. Kwake ni mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwizi naye atapokewa vivyo hivyo, kwa hiyo anayetafuta mlinzi atafute kwingine. Na asiachwe peke yake kutwa nzima. Amezoea kufuatana na watu shambani, na upweke humuumiza kuliko baridi.

Si mkubwa. Kimo cha dume mabegani ni kama sentimita 46, jike 42. Masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, na uso unaonekana kama unacheka. Rangi yake ni ya mchanga hadi wekundu, au kahawia, kijivu, nyeusi, daima ikiwa na mabaka meupe. Wapo wa manyoya marefu na wa manyoya mafupi, lakini wote wana tabaka mbili: la ndani laini na zito, la nje gumu lisiloruhusu maji kupenya upesi. Mchane mara moja kwa wiki, na kila siku anapopukutisha manyoya. Usimnyoe. Kwenye miguu ya nyuma ana vidole vya ziada, mara nyingi viwili kila mguu, vilivyo juu ya unyayo. Kucha za vidole hivyo hazigusi ardhi, hivyo hazisagiki, na zisipokatwa hujikunja hadi zikamchoma. Nakazia hili kwa sababu zimefichwa na manyoya na ni rahisi kusahauliwa.

Na ndugu yangu wa Mombasa au Maskati, tafadhali, usimwagize. Vazi lile lilishonwa kwa theluji.

Mbwa huyu nusura atoweke. Mwishoni mwa karne ya 19 distempa, ugonjwa wa virusi unaoambukiza mbwa, uliua sehemu kubwa ya mbwa wa kisiwani, hadi inasimuliwa kwamba mkulima alikuwa tayari kutoa farasi na kondoo wawili apate mbwa mmoja mzuri. Mwaka 1901 kuingiza mbwa kutoka nje kukapigwa marufuku. Katika miaka ya 1950 waliobaki walikuwa wachache, wengi katika mashamba ya mbali. Mwingereza Mark Watson aliwatafuta akawapeleka baadhi yao California, na mwaka 1967 Sigríður Pétursdóttir wa shamba la Ólafsvellir alianza kuwazalisha kwa mpango, akisaidiwa na daktari mkuu wa mifugo, Páll A. Pálsson. Kila Julai 18, siku aliyozaliwa Watson, ndiyo siku ya mbwa huyu nchini Iceland. Kwa kuwa ukoo mzima umetokana na wachache, kuna jambo linalonikera: wafugaji wote kumkimbilia dume mmoja kwa sababu ana rangi nzuri. Hivyo ndivyo damu inavyozidi kuwa finyu na magonjwa ya kurithi yanavyopata nafasi.

Lawama kubwa kuliko ya kelele aliibeba kwa sababu ya minyoo. Katika karne ya 19 Waiceland waliugua sana uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu, unaoletwa na tegu mdogo wa mbwa, yaani mnyoo bapa wa utumboni. Mbwa hula matumbo au ini la kondoo lenye vifuko vya maji vilivyobeba vichanga vya tegu, tegu hukua ndani yake, mayai hutoka na kinyesi, na mtu huyameza kwa mikono au maji machafu. Harald Krabbe, mwanasayansi wa Denmark, alikwenda kuchunguza mwaka 1863, na baadaye kikasambazwa kijitabu cha kuwafundisha watu: msiwape mbwa matumbo mabichi, chomeni au zikeni vifuko, wapeni mbwa dawa. Watu walisoma, wakabadili uchinjaji wao, na ugonjwa ukatokomezwa katika karne ya 20. Hata hivyo Reykjavik ilikataza kufuga mbwa mwaka 1924, na katazo hilo likadumu hadi 1984.

Naelewa hofu yao, kwa maana ugonjwa huuhuu tunao. Turkana ni miongoni mwa sehemu zilizoumizwa nao zaidi duniani, Wamaasai wanaujua pia, na AMREF, shirika la afya la Afrika, walianza mpango wa kuudhibiti kaskazini mwa Turkana mwaka 1983. Huko nako mbwa huchukiwa kwa kosa linaloanzia kwenye kisu cha mchinjaji. Kwa hiyo uwe na mbwa wa kondoo wa Iceland au mbwa wa boma asiye na ukoo, ini lenye vifuko lisitupwe uani. Lizikwe kwenye shimo refu asiloweza kulifukua, na mbwa apewe prazikwanteli, dawa ya kuua tegu, kwa vipindi atakavyopanga daktari wa mifugo.