SSD si mwarobaini wa seva yako ya filamu

Kwa wenye seva ya filamu nyumbani, yaani kompyuta inayotunza filamu na kuzipeleka kwenye televisheni, kuna jibu moja ambalo likitajwa tena mbele yangu nitapiga ukunga: "Weka SSD," ile diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka. Filamu inakwama katikati? Weka SSD. Sauti imeachana na midomo? Weka SSD. Ukurasa wa kwanza wa seva unachukua karne kufunguka? Weka SSD. Hilo la mwisho ni ushauri sahihi kabisa, na ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana ukweli mmoja mdogo umechukuliwa ukageuzwa mwarobaini, na watu wanateketeza fedha.

Aliyenichokoza safari hii ni rafiki yangu, mtu makini kwa mambo mengine yote. Alikuwa na "hadi diski" (hard disk, zile za sahani zinazozunguka) mbili kubwa na seva ya Jellyfin, programu ya kutazamia filamu zako mwenyewe, juu ya Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kiganjani. Wajuaji wakamshauri, naye akaziuza zote mbili, akanunua SSD ya terabaiti 4 na kuhamishia filamu zake humo. Seva yenyewe, yaani programu, hifadhidata na mabango yote, akaiacha palepale ilipokuwa tangu mwanzo: kwenye kadi ya microSD. Sasa filamu zake zinakaa kwenye kifaa chenye kasi kuliko vyote alivyonavyo, na mabango bado yanatokea moja, unangoja, jingine, unangoja tena. Akaniuliza kwa upole kama huenda ameuziwa SSD feki.

Si feki. Imepewa kazi isiyo yake tu.

Tupige hesabu kidogo, maana wanaotoa ushauri huu hawaipigi. Picha ya Blu-ray ya kawaida inaishia megabiti 40 kwa sekunde. Hata filamu nzito ya 4K iliyotolewa kwenye diski yake bila kubanwa haivuki megabiti 150 kwa sekunde, sauti ikiwemo. Gawanya kwa 8 upate megabaiti: hazifiki 20. Hadi diski ya kawaida ya mizunguko 7200 kwa dakika ikisoma faili moja kubwa kwa mfululizo inatoa megabaiti 150 kwa sekunde na zaidi bila kutoka jasho. Kebo ya mtandao ya gigabiti, ile watu wengi wanayo, ukomo wake ni 125, na kwa kweli utaambulia kama 110. Yaani mtandao wako umeshafika mwisho wakati hadi diski bado ina nguvu ya kuendelea. Halafu wewe unataka kuweka SSD inayosoma megabaiti 550, au ile ya NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, inayosoma 3,500, ili ipeleke 20. Hongera.

Sasa kwa nini filamu inakwama? Mara nyingi ni Wi-Fi. Wakati mwingine ni televisheni yenyewe: televisheni nyingi, hata za bei mbaya, tundu lao la kebo ni la megabiti 100 tu, na hapo filamu ya 4K ikipandisha kasi kwenye mapigano, picha inaganda. Na mara nyingi zaidi ni prosesa inayolazimika kugeuza video papo kwa papo kwa sababu televisheni haikielewi kilichomo ndani ya faili. Jaribu kuwasha sabtaito za Blu-ray. Zile si maandishi, ni picha, na kwenye vifaa vingi seva inalazimika kuzichora juu ya kila fremu kisha kuisuka video yote upya. Seva iliyokuwa imelala usingizi inaanza kupumua kama mgonjwa. SSD haina la kusaidia hapo. Chipu ya Intel yenye Quick Sync, teknolojia ya kugeuza video iliyoanza 2011, inasaidia sana, ila hakuna anayepiga kelele kuihusu kwa sababu haina taa za rangi.

Haya, tuje kwenye kazi ambayo SSD iliumbiwa, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Ndani ya hadi diski kuna sahani zinazozunguka na mkono wenye kichwa cha kusomea. Ili kisome kitu, mkono lazima usogee hadi kwenye njia husika, tuseme milisekunde 8 au 9, kisha usubiri sahani ilete sehemu inayotakiwa chini ya kichwa. Kwa mizunguko 7200 kwa dakika, mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3, kwa hiyo kwa wastani unangoja nusu yake, kama 4.2. Jumla ni milisekunde 12 au 13 kwa kila kitu kidogo unachokitafuta, iwe ni filamu ya gigabaiti 60 au kijipicha cha kilobaiti 30. Kwa filamu hulioni hilo: kichwa kikishafika, kinasoma tu. Kwa vijipicha ni maafa. Diski hiyo inaweza kutafuta vitu kama 80 kwa sekunde, basi. SSD inatafuta kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja na inafanya hivyo maelfu kwa maelfu.

Sasa fikiria seva inafanya nini unapofungua maktaba yako. Kila filamu ina bango, picha ya nyuma, nyuso za waigizaji. Kila kipindi cha tamthilia kina picha yake. Ukiwa umewasha vile vijipicha vinavyoonekana unapopeleka video mbele, hivyo navyo vimo. Ukurasa wa mabango 300, kila bango likihitaji diski itafute mara mbili tatu, tayari ni sekunde kama kumi za kuangalia miraba ya kijivu ikijaa mmoja mmoja. Na bado hujatafuta chochote. Ukiandika jina la mwigizaji, Jellyfin, au Plex ambayo ni programu nyingine ya kazi hiihii, inakwenda kwenye hifadhidata yake ya SQLite, faili linalotunza orodha yote, inarukaruka humo kutoka ukurasa hadi ukurasa. Wakati huohuo mwenzako sebuleni anatazama filamu, na seva inaandika kila mara ameishia wapi. Wakati huohuo imegundua faili jipya na inalikagua. Kichwa ni kimoja. Weka sikio karibu na hadi diski wakati wa ukaguzi wa maktaba utaisikia ikitafuna, kr-kr-kr, bila kupumzika.

Kama huniamini, ingia kwenye folda ya data ya Plex, ile ya Metadata, uangalie kilichomo. Folda ndani ya folda zenye majina marefu ya herufi na tarakimu yasiyosomeka, na ndani yake mafaili madogo yasiyohesabika. Mwambie kompyuta ikupe ukubwa wa folda hiyo ikiwa kwenye hadi diski. Nenda kafanye shughuli zako. Ukirudi labda itakuwa imemaliza.

Hiyo ndiyo ya kuhamishia SSD. Hiyo, na mfumo endeshi. Kwenye Linux data ya Jellyfin kwa kawaida iko /var/lib/jellyfin, ya Plex iko /var/lib/plexmediaserver, na kama unatumia Docker (inayoendesha programu ndani ya kifurushi chake) ni ile folda uliyoiunganisha na /config. Nakuomba kitu kimoja: zima seva kwanza. SQLite huwa na faili la pembeni linaloishia na -wal, na humo ndimo mabadiliko mapya yanakaa kabla hayajaingia kwenye faili kuu. Ukinakili huku seva inaendelea, unaweza kuondoka na hifadhidata nusu, kisha uje kulalamika kwamba SSD imekuharibia maktaba. Nakili, hakikisha ruhusa na umiliki wa mafaili haujabadilika, washa.

SSD ya gigabaiti 250 inawatosha wengi kwa kazi hii. Ndogo. Ya kawaida kabisa. Hata ya SATA, ile aina yenye kasi ndogo, maana tofauti ya SATA na NVMe hapa utaiona kwenye programu za kupima kasi, si kwenye kochi.

Na tafadhali, ukipima, usipime kwa kufungua ukurasa mara ya pili. Linux inatunza ilichosoma karibuni kwenye RAM isiyotumika, kwa hiyo mara ya pili kila kitu kinaruka hata kwenye diski ya zamani. Nimeona watu wakirekodi video za "kabla na baada" ambapo "baada" ni RAM inayofanya kazi yake ya siku zote. Kuongeza RAM nako kunasaidia, kwa njia, na hakuna mtu anayejisifu kwa hilo pia.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna sababu za kutaka SSD zaidi ya hapo. Inakaa kimya, na kama seva iko chumba unacholala, kimya ni hoja. Hadi diski iliyolala inachukua sekunde kadhaa kuamka kabla filamu haijaanza. Na kama unapakua vitu vingi kwa wakati mmoja huku watu wanatazama, vipande vinavyoandikwa huku na kule vitakichosha kichwa kilekile kinachosoma filamu. Hapo pakulia kwenye SSD, kisha faili likikamilika lihamie kwenye hadi diski. Unraid, mfumo endeshi wa seva za nyumbani, inafanya hivyo yenyewe usiku wakati wewe umelala. Sawa. Ila angalia usinunue SSD ya QLC, inayobana data nyingi kwenye kila seli, ya bei ya chini kwa kazi hii: kache yake, ile sehemu ya kasi ya kupokelea data, ikijaa, kasi ya kuandika inaweza kuanguka hadi chini ya hadi diski uliyoikimbia.

Wale wa ZFS, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski nyingi, najua mnakuja. L2ARC, yaani SSD iliyofanywa kache ya kusomea, inafaa kwa kinachosomwa tena na tena, na filamu mtu anaitazama mara moja akaisahau. SLOG, SSD ya kumbukumbu za kuandika, inahusu uandishi unaosubiri uthibitisho, ambao seva ya filamu haifanyi wa maana. Vdev maalumu ya metadata, yaani SSD inayotunza taarifa kuhusu mafaili, iliyokuja na ZFS on Linux 0.8 mwaka 2019, hiyo ni nzuri kweli. Lakini ikifa, hifadhi yote inakwenda nayo, kwa hiyo ziwe mbili zinazoakisiana au usianze.

Kinachoniuma zaidi kwa rafiki yangu si mabango. Zile hadi diski mbili alizouza, moja ilikuwa na nakala ya nyingine. Humo kulikuwa na video za watoto wake wakijifunza kutembea, na sasa ziko sehemu moja tu, kwenye kifaa ambacho kikifa mara nyingi hakikupi hata ule mlio wa onyo. Hakuna kampuni duniani itakayokuuzia video hizo upya. Fedha ya hiyo terabaiti 4 ilitosha SSD ndogo ya hifadhidata, hadi diski ya filamu na nyingine ya bekapu, na chenji ikabaki.

Kwa hiyo kama nawe umeshaingia mkenge huo, usiiuze. Tenga sehemu ndogo (partition) ya SSD hiyo, weka humo mfumo na data ya seva, Raspberry Pi 4 na 5 zinaweza kuwaka kutoka kwenye USB bila kadi yoyote. Filamu zilizobaki ziache hapohapo kwa sasa. Lakini kwanza tafuta hadi diski moja, kubwa, ya mizunguko 5400 hata, na kabla hujagusa chochote, nakilia humo zile video za watoto.