Wembamba wa Lancero si unyonge

Mwaka 1992 Cohiba, chapa ya sigaa za Kuba, ilipoleta mfululizo wa Siglo, zilitoka sigaa tano. Siglo I ilikuwa na unene wa 40, ya II na ya III 42, ya IV 46, ya V 43. Mwaka 2002 ikaongezwa ya VI, nayo ikaruka moja kwa moja hadi 52. Kipimo chenyewe ni cha sehemu za inchi: inchi moja hugawanywa mara 64, kwa hiyo sigaa ya 64 kipenyo chake ni inchi nzima. Zipange zote sita mezani na hiyo ya mwisho utaiona kama mgeni aliyekosea nyumba. Mwaka 2010 ikaja Behike, na safari hii hata majina ni unene mtupu: 52, 54, 56. Sigaa sasa inaitwa kwa saizi, kama tairi.

(Nasema sigaa, yaani ile ya jani tupu isiyo na karatasi. Kamusi zina biri pia, ila mtaani biri ni kile kisigara cha Kihindi, na sitaki tuchanganyane.)

Tangu hapo mjadala wa nene na nyembamba umekuwa ule ule. Upande mmoja unasema Havana imeuza roho yake kwa wapenda vinono. Upande wa pili unasema nyembamba zina wapenzi wazee tu, na wazee wanakwisha. Daktari hana upande hapa, kwake zote ni moshi.

Nianze na wapenzi wa nene, maana hoja zao si mbovu. Sigaa nene huungua taratibu na moshi wake hufika kinywani umepoa. Ndani yake mchanganyaji wa majani ana nafasi ya kufanya kazi: volado ya kushika moto, seco ya harufu, ligero ya nguvu, na kwenye Behike hata medio tiempo, majani machache ya juu kabisa ambayo si kila mche huyatoa. Halafu kuna suala la muda. Uingereza ilipopiga marufuku kuvuta ndani mwaka 2007, mvutaji alijikuta amesimama barazani kwenye baridi. Mtu wa namna hiyo hana saa moja na nusu ya kuimaliza Lancero, sigaa ndefu na nyembamba ya Cohiba yenye milimita 192. Anataka kitu cha nusu saa au zaidi kidogo, kifupi lakini kilichojaa. Soko lilikuwa limeshamwona: Petit Robusto ya Hoyo de Monterrey ilitoka 2004, Petit Edmundo ya Montecristo na Short Churchill ya Romeo y Julieta 2006. Zote fupi, zote 50 au zaidi.

Kuna na jeraha ambalo sisi wapenzi wa nyembamba hatupendi kulitaja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kuba ilijitahidi kutengeneza sigaa nyingi haraka, na nyingi zikatoka zimeziba. Unavuta, mashavu yanaingia ndani, moshi hauji. Sigaa nene ikisokotwa vibaya bado ina pa kupumulia. Nyembamba ikizidishwa jani moja tu ndani imekwisha, unabaki na kijiti cha bei kubwa. Aliyenunua sanduku wakati ule akakuta nusu yake hazivutiki, kisha akahamia kwenye Robusto, sigaa fupi na nene, hana kosa hata kidogo.

Na ukitaka kubishana na Habanos S.A., kampuni inayouza sigaa za Kuba duniani, jiandae kwa hesabu zao. Mauzo ya 2022 yalikuwa dola milioni 545, ya 2023 milioni 721, ya 2024 milioni 827. Bila shaka sehemu ya ongezeko hilo ni bei, maana mwaka 2022 chapa za Cohiba na Trinidad zilipandishwa hadi katika masoko mengi zikafika mara mbili na zaidi. Hata hivyo, anayeuza namna hiyo hamsikilizi kwa urahisi mtu wa kumwambia anakosea.

Sasa hesabu yangu, ambayo nimeizungusha kichwani kwa muda mrefu. Chukua Lancero ya 38 na Behike ya 56. Eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo: 38 mara 38 ni 1,444, 56 mara 56 ni 3,136. Kwa kila sentimita ya urefu, nene imebeba tumbaku zaidi ya mara mbili. Wengi huishia hapo. Nyembamba ni nusu sigaa, wanasema, na anayeinunua anapunjwa.

Lakini mzingo haukui kwa mraba. Hukua sawasawa na kipenyo, na 56 kwa 38 haifiki hata mara moja na nusu. Maana yake ni kwamba kila gramu ya ndani ya Lancero imevikwa jani la nje karibu mara moja na nusu ya ile iliyomo kwenye Behike. Jikoni jambo hili halina ugeni. Dagaa wa kukaanga unamla na ngozi yake, kila tonge lina ukavu wa nje na utamu wa ndani. Kipande cha nguru ngozi yake ni utepe pembeni, unaweza kuubandua ukausahau. Ni samaki wote wawili, na nguru hana ubaya wowote. Ila asiye na hamu ya ngozi asimlaumu dagaa kwa udogo.

Na ngozi ya sigaa si kitu cha kupita. Wakuba huiita capa, joho, na ndilo jani linalodekezwa kuliko yote. Kule Vuelta Abajo, mkoa wa Pinar del Río, hulimwa chini ya turubai la kitambaa jepesi ili jua lisiliunguze likawa gumu na nene. Jani lenye tundu au mshipa uliotuna haliwi joho, linashushwa daraja. Katika sigaa ya 56 jani hilo lililolelewa hivyo linageuka kifungashio cha mzigo. Katika 38 au 33 linasikika kuanzia mvuto wa kwanza: ule utamu wa mbao kavu, mara nyingine harufu kama ya maziwa yaliyochemka na asali kidogo.

Wapo wachanganyaji wanaosema ladha hutoka kwenye majani ya ndani na joho ni sura tu. Sawa, tuwakubalie. Bado nyembamba inabaki na jambo lake, kwani ndani yake hamna pa kujificha. Ligero, jani zito linalokataa kuungua haraka, lazima likae katikati kabisa. Kwenye nene, likisogea kidogo wenzake wanalimeza. Kwenye nyembamba, likisogea, moto unapanda upande mmoja kama mshumaa uliopigwa na upepo.

Mtazame msokotaji mikononi utaelewa. Anakunja majani ya ndani kiganjani kama upepeo wa mkono, moja moja, akiacha njia za hewa kwa urefu wote, hatua ambayo haina kipimo ila vidole. Anayafunga kwa capote, jani la kufungia, anayaweka kwenye kalibu ya mbao yabanwe. Kisha analitandaza joho ubaoni, analikata kwa chaveta, kile kisu chenye umbo la mwezi mchanga kisicho na mpini, analizungusha kuanzia mguuni kwenda kichwani bila kulivuta sana wala kulilegeza. Milimita 192 ni njia ndefu kwa jani laini kiasi hicho. Mwisho, badala ya kofia ya kawaida, kichwa cha Lancero husokotwa kikawa kimkia cha kujikunja, na Fundadores ya Trinidad, yenye urefu huohuo na unene wa 40, ina kimkia kama hicho. Umaarufu wa kiwanda cha El Laguito, jumba la kifahari la zamani viungani mwa Havana ambako wasokotaji wa kwanza walikuwa wanawake, ulijengwa na kazi hii.

Ndiyo maana maneno ya kwamba nyembamba ni sigaa ya kike au ya wanagenzi hunichekesha. Fidel Castro, hadi alipoacha kuvuta mwaka 1985, alipigwa picha na Lancero mdomoni mara zisizohesabika. Rais Kennedy wa Marekani, kwa maelezo ya msemaji wake Pierre Salinger, alimtuma amtafutie Petit Upmann elfu moja kabla hajatia saini marufuku ya biashara na Kuba mwaka 1962. Salinger akarudi na 1,200. Petit Upmann ilikuwa kijisigaa chembamba na kifupi. Na Churchill, jina la saizi ambalo miaka yote lilimaanisha jisigaa, ina unene wa 47: leo Petit Robusto, “petit” (yaani ndogo) hiyohiyo, inaizidi.

Linaloniuma zaidi ni mkono. Msokotaji hujifunza kwa kusokota. Kama oda ni za 52 na 54, kijana anayeanza leo atakuwa hodari wa 52 na 54. Tazama mfululizo wa Le Hoyo wa Hoyo de Monterrey, ambao kwa miaka mingi ulijulikana kwa nyembamba. Mwaka 2014 akaingia San Juan wa 54, na baadaye Rio Seco wa 56, huku kadhaa kati ya ndugu zao wembamba wa zamani hawatengenezwi tena. Jina limebaki ukoo ule ule, sura imekuwa nyingine. Nene inaweza kurudi nyuma ikawa nyembamba kwenye karatasi ya mipango kwa siku moja. Vidoleni inachukua miaka.

Sitasema kila nyembamba ni tamu. Ina masharti. Ukiivuta kama sigara ya dirishani, mvuto juu ya mvuto, itapata moto na kuwa chungu kama jivu. Mvuto mmoja kwa dakika unatosha, na kama huna subira hiyo jioni ile, chukua Robusto tu. Wala simshauri mtu aanze na Lancero ya Cohiba, kwa bei za sasa hilo ni suala la benki. Montecarlos ya Por Larrañaga, unene 33 na urefu milimita 159, itamfundisha zaidi kwa pesa chache kuliko hizo kwa mbali.

Montecarlos ndizo nilizoletewa mwaka 2023 na rafiki yangu aliyesomea udaktari Havana (udaktari, ndiyo, na yeye mwenyewe hulicheka jambo hilo). Nilikuwa nimemwagiza Siglo VI. Akaniambia rafu ya nene ilikuwa tupu, hata muuzaji alikuwa amechoka kuulizwa, na hizi zilikuwa kona ya chini, kifuniko kina vumbi. Nikaligeuza sanduku. Muhuri wa chini ulisomeka MAR 19. Zilikuwa zimekaa miaka minne bila mtu kuzitaka, na tumbaku, tofauti na mkate, haiharibiki kwa kusubiri. Ya kwanza tuliivuta jioni hiyohiyo, mimi na yeye, kila mtu na yake. Na kwa karibu dakika arobaini daktari hakusema neno.