Simu Bila Mkataba, Mnunuzi Bila Raha

Jamani, mtu akikwambia "nunua simu yako taslimu, achana na mikataba, uwe huru", msikilize hadi mwisho kisha muulize: kazi ya kuikagua ataifanya nani? Maana ukinunua simu isiyo na mkataba unaajiriwa palepale kaunta uwe mkaguzi, mhasibu na fundi wa mitambo ya redio. Mshahara huna, na muuzaji anatazama saa.

Si kwamba mkataba nausifu. Kampuni inayokupa simu kwa mkataba ni mkwe aliyegharamia harusi: kila akija lazima akumbushe. Unakatwa kila mwezi kwa miezi 24, bando humalizi, na ukichomeka laini ya mtandao mwingine simu inakudai namba ya kuifungulia. Hesabu yake ni nyepesi, ndiyo maana hakuna anayekuomba uifanye. Chukua malipo ya mwezi, toa bei ya bando la ukubwa uleule ungelinunua mwenyewe, kinachobaki zidisha kwa idadi ya miezi, jumlisha na ulichotanguliza. Hiyo ndiyo bei ya simu. Ikizidi bei ya taslimu, umekopeshwa kwa riba na hakuna aliyekutajia riba. Ikiwa chini, saini mkataba, kiburi weka mfukoni.

Haya, umekataa mkataba. Unaingia dukani.

"Bosi wangu, hii haina mkataba, ni mali safi."

Hapo ndipo watu wanapopigwa. Kutokuwa na mkataba ni jambo moja, kutofungwa mtandao ni jambo jingine kabisa. Kuna simu mkataba wake uliisha zamani lakini mwenyewe hakuomba ifunguliwe. Kuna nyingine ziliuzwa taslimu tangu siku ya kwanza, bei ya chini, kwa sababu kampuni ilizifunga zitumie laini zake tu. Kwa hiyo ukienda kununua beba laini mbili za mitandao tofauti: ile unayotumia, na nyingine hata ya kuazima. Chomeka moja, subiri mtandao usome, piga simu. Chomeka ya pili, piga tena. Usikubali kuonyeshwa vijiti vya mtandao vya laini ya muuzaji. Hiyo laini ndiyo imezoeana na hiyo simu. Kwenye iPhone ingia Mipangilio, sehemu ya jumla, kisha Kuhusu, utafute palipoandikwa "No SIM restrictions". Pakiwa na maneno mengine, rudisha kaunta.

"Hiyo ni namba tu, kaka, kuna fundi hapo nje anaifungua dakika mbili."

Fundi wa dakika mbili namjua kwa sifa. Simu iliyofungwa mtandao haikupi majaribio bila kikomo. Ukibahatisha namba mara kadhaa inajifunga moja kwa moja, na hata namba halisi ikija baadaye haiisikilizi. Namba ya kweli inatoka kwa kampuni iliyoifunga, na kampuni hiyo itataka IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, na uthibitisho kwamba deni limeisha. Fundi hana hata kimoja. Na ukiona boksi la Samsung lina stika inayosema simu itumike na laini za eneo fulani la dunia, soma maandishi madogo: baadhi zinataka kwanza zipigiwe simu za jumla ya dakika 5 kwa laini ya huko, ndipo zikubali laini za kwingine. Muulize muuzaji kama hizo dakika zimeshapigwa. Atakuuliza dakika gani.

Kufuli la mtandao, hata hivyo, lina heshima, linajitangaza mapema. Kufuli la deni ndilo lina unafiki. Hizi ni simu zilizochukuliwa kwa kulipa kidogo kidogo, ndani yake kuna programu ya mkopeshaji yenye mamlaka kukuzidi wewe mwenye mkono. Dukani inawaka, inapiga picha, inacheza muziki. Unafika nyumbani, tarehe ya malipo inafika, kioo kinakuandikia kwamba unadaiwa na mtu usiyemfahamu, kwa mkopo usiouchukua. Kuifuta yote hakusaidii, kwa sababu ikishaingia intaneti inawasiliana na seva, inajitambulisha kwa namba yake, inafungwa upya.

Kwa hiyo kipimo ni kimoja, nacho kinakera kila muuzaji: mwambie atoe akaunti yake, simu ifutwe yote mbele yako, iunganishwe na Wi-Fi, muanze kuiwasha upya hadi ukurasa wa mwanzo. Ndiyo, inachukua muda. Ikidai barua pepe au nenosiri la mwenye nayo wa zamani, hapo umekutana na kinga ya wizi, ambayo iPhone wanayo tangu 2013 na Android tangu 2015. Ikisema kifaa hiki kinasimamiwa na shirika, weka chini taratibu, usiache hata alama za vidole. Muuzaji akisema "hiyo inaruka tu", kinachotakiwa kuruka ni wewe, kupita mlangoni.

Sasa IMEI. Bonyeza *#06#, zinatokea tarakimu 15. Simu ya laini mbili inatoa IMEI mbili. Linganisha na boksi, linganisha na kilichoandikwa kwenye Mipangilio. Zikipishana, hilo boksi lina simu yake mahali pengine, na hii uliyoshika ina kisa chake. Tarakimu 8 za mwanzo ndizo zinazotaja toleo, kwa hiyo ukiziingiza kwenye tovuti ya kukagulia IMEI zikaleta jina la simu ya vitufe wakati umeshika kioo cha inchi sita, huhitaji mtaalamu. Simu iliyoripotiwa kuibiwa inawaka vizuri, Wi-Fi inashika, michezo inacheza, ila mtandao wa simu inaukosa. Na kuna hila nyingine: mtu anachukua simu kwa mkataba, anakuuzia wewe ikiwa safi, kisha anaacha kulipa. Kampuni inaifungia wiki kadhaa baadaye, wewe ukiwa ndiye mwenye uhuru. Ndiyo maana risiti ya kwanza ina thamani kuliko kava, protekta na zawadi ya hedifoni vikichanganywa.

Tukifika kwenye bendi, yaani vipande vya masafa ya redio ambavyo mtandao unatumia, ndipo mnunuzi anapotamani arudi kwenye simu ya waya ukutani. Simu mbili zenye jina moja, rangi moja na kamera moja zinaweza kuwa na redio tofauti ndani, kwa sababu kila moja ilitengenezwa kwa soko lake. 4G siyo kitu kimoja. Ni rundo la bendi zenye namba. Ulaya wanatumia sana bendi ya 3 kwenye MHz 1800, ya 7 kwenye 2600 na ya 20 kwenye 800. Marekani wana mambo yao: 2, 12, 13, 66. Simu ya Marekani ikikosa bendi ya 20 haifi, na hapo ndipo udhia ulipo. Ingekufa ungeirudisha siku hiyohiyo. Badala yake inashika 1800, dirishani mambo safi, video inateremka. Ukiingia chumba cha ndani, kimya. Masafa ya chini kama 700 na 800 yanasafiri mbali na kupenya kuta. Ya juu yana kasi lakini ukuta yanauogopa. Simu isiyo na bendi ya chini ya mtandao wako itakulaza dirishani. 5G vilevile: sehemu nyingi duniani ni bendi ya n78, karibu na MHz 3500, na kuandikwa 5G kwenye boksi hakusemi lolote kuhusu hilo.

Dawa ni kutafuta namba ya toleo, ile inayoanza na SM kwa Samsung au A na tarakimu nne kwa iPhone, siyo jina la biashara. Tafuta orodha ya bendi za namba hiyo kwa mtengenezaji, iweke pembeni ya orodha ya bendi za mtandao wako. Tazama zile za chini kwanza. Muuzaji hatakusaidia, yeye anajua megapikseli.

Na hata bendi zikipatana kuna VoLTE, yaani kupiga simu juu ya 4G yenyewe. Simu isiyo nayo kwenye mtandao wako inashuka hadi 3G au 2G kila ukipiga, kisha inapanda tena. Palipozimwa 3G na 2G hakuna pa kushukia: intaneti unayo, filamu unatazama, ila kumpigia mama yako huwezi. Mtengenezaji atasema simu ina VoLTE, na hasemi uongo. Tatizo ni kwamba mtandao nao lazima uikubali toleo hilo na simu iwe na mipangilio ya mtandao huo. Jaribu hapohapo dukani: piga, sogeza simu mbali na sikio, tazama juu. Alama ya 4G ikibaki, vizuri. Ikigeuka H au E, alama za 3G na 2G, unajua umenunua nini.

Halafu kuna wanaofika na laini mkononi, wanaizungusha simu wakitafuta tundu. iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia toleo la 14, mwaka 2022, hazina trei ya laini. Ni eSIM tupu, laini isiyo na kadi, iliyojengwa ndani ya simu. Mtu anatoa pini, anaona kijitundu chini, anachoma. Hicho ni kipaza sauti. Umeshanunua simu, sasa umenunua na ukarimu wa watu wa kukusikia kwa tabu. Kabla ya kuchukua simu ya aina hiyo hakikisha mtandao wako unatoa eSIM. Na ukiifuta simu, soma swali linalouliza kama eSIM nayo ifutwe, kwa sababu mara nyingi ule msimbo wa QR uliotumia kuiweka hiyo eSIM ulikuwa wa mara moja. Wenye trei nao wasicheke: trei nyingi za "laini mbili" zina nafasi ya pili inayogombewa na kadi ya kumbukumbu. Picha au laini ya pili, chagua.

Za mtumba nisizichelewe. Fungua ukurasa mweupe, mwangaza juu kabisa, tafuta vivuli vya alama za zamani kwenye kioo. Chomoa trei, mulika ndani. Penye alama nyekundu maji yalishapita. Kwenye iPhone tazama herufi ya kwanza ya namba ya modeli, siyo ile ya A na tarakimu nne: M iliuzwa mpya, F ilifanyiwa ukarabati, N ilitolewa kufidia iliyoharibika. Muuzaji anaapa "mpya kabisa, sili haijaguswa", F inamtazama usoni. Betri ya iPhone ikiwa chini ya asilimia 80, bei ya betri mpya itoke kwenye bei ya simu, siyo kwenye mfuko wako. Na RAM, kumbukumbu ambayo simu inafanyia kazi, ya "8 jumlisha 8", hiyo nane ya pili imekatwa kwenye nafasi yako ya kuhifadhi, tena ni ya polepole. Umeuziwa chumba chako mwenyewe.

Jingine linalonichoma ni masasisho ya usalama. Wanaahidi miaka 7, kama kwa Pixel 8 na Galaxy S24, watu wanapiga makofi. Miaka hiyo inahesabiwa tangu toleo lilipoingia sokoni, siyo tangu ulipofungua boksi. Simu iliyokaa rafuni miaka miwili imezeeka ikiwa na nailoni yake.

Basi umepita yote. Laini inasoma, unapiga, unasikika. Intaneti haiji. Simu ya mkataba ingekuja na mipangilio yake tayari. Wewe uliye huru nenda kwenye mitandao ya simu, fungua APN, mipangilio inayoipeleka simu kwenye intaneti ya mtandao wako, andika jina ulilopewa na mtandao wako. Herufi ndogo, bila nafasi mwishoni. Ile nafasi mwishoni haionekani, na kibodi inayokusaidia kukamilisha maneno ndiyo inaiweka. Kwenye Android nyingi kuna nukta tatu juu za kuhifadhi. Ukirudi nyuma tu, kila kitu kinaweza kupotea. Hifadhi, ichague, washa na kuzima hali ya ndegeni.

Ikigoma bado, karibu kwenye mzunguko. Mtandao utasema tatizo ni simu, hawakuuzia wao. Mtengenezaji atasema tatizo ni mtandao, na dhamana ya simu hiyo ni ya soko jingine. Duka litasema ulitoka nayo ikifanya kazi. Kabla ya kuwatafuta andika namba ya toleo, IMEI zote mbili, programu endeshi, na mtandao unakatika ukiwa wapi. Na utafute simu ya kuazima, maana hiyo yako ndiyo haipigi.