Wembe wa Kisa urudishwe

Wanaosema mwisho wa The Twelve Chairs, filamu ya Mel Brooks ya 1970, unaushinda ule wa riwaya ya waandishi wa Kisovieti Ilf na Petrov, wananikera. Kilichoondolewa kwenye filamu ndicho moyo wa kitabu, yaani kisa cha watu wawili wanaosaka almasi zilizofichwa ndani ya kiti kimoja kati ya kumi na viwili.

Fuata fedha kitabuni. Kwenye mnada jijini Moscow, tapeli Ostap Bender anavipata viti kumi kati ya hivyo kwa rubo 200. Kuna ada ya asilimia 15, yaani rubo 30 zaidi. Mshika fedha ni mwenzake, kabaila wa zamani Ippolit Vorobyaninov, kwa jina la utani Kisa, na fedha hana: jana yake amezitapanya mgahawani akimtaka mke wa mtu. Viti vinapigwa mnada upya, kimoja kimoja, vinatawanyika. Tangu hapo Ostap anamdhalilisha kila siku, na kule Pyatigorsk anamsimamisha kabaila huyo aombe sadaka kwa Kifaransa. Kisa anameza tu. Kikabaki kiti kimoja. Usiku anamkata Ostap koo kwa wembe, usingizini, asije akagawana naye. Anakwenda peke yake kwenye klabu ya wafanyakazi wa reli kilipo kiti hicho, anakipasua, hamna kitu. Mlinzi anamwonyesha kuta: almasi zilionekana zamani, klabu imejengwa kwa hizo.

Damu kwanza, habari baadaye. Mpangilio huo ndio unaouma, kwa sababu mtu ameua ili asigawane kitu ambacho hakipo. Brooks anawapeleka wote wawili waisikie habari pamoja, na uchoyo wa Kisa unaishia kwenye hasira ya kuvunja kiti. Hasira hupoa. Koo lililokatwa halishoneki kwa kicheko.

Nakiri, Ron Moody, Kisa wa filamu, anaigiza vizuri mno pale mwishoni. Mtu aliyekataa katakata kuomba anajitupa chini mwenyewe, anajifanya ana kifafa, ili Bender asimwache. Inagusa. Lakini ni hadithi ya urafiki, na Kisa wa riwaya hana rafiki.

Dom DeLuise kama Padri Fyodor, mpinzani wao katika kusaka almasi? Hana mfano. Lakini mwongozaji wa Kisovieti Leonid Gaidai, katika filamu yake ya 1971 ya riwaya hiyohiyo, aliubakiza wembe.

Na msiniambie waandishi wenyewe walimfufua Ostap katika riwaya ya pili, ya 1931. Walimfufua, ndiyo, lakini wakaeleza kwamba madaktari wa upasuaji walimwokoa kwa shida. Wembe hawakuukana.