Kabla ya kumlaumu ng'ombe, chimba shimo

Kila nikisikia mtu akisema nyasi za Amboseli, kusini mwa Kenya, zimemalizwa na ng'ombe, najua hajawahi kuinama akaushika ule udongo. Nilikuwa kando ya kinamasi, nje ya mpaka wa mbuga, na mzee mmoja mfugaji. Akachuma jani fupi, gumu, lenye ncha ya kuchoma, akanipa.

"Ramba, kijana."

Nikaramba. Chumvi tupu.

Wanasayansi huiita nyasi hiyo Sporobolus spicatus. Jani lake hutoa chumvi nje kama mtu anavyotoka jasho, ndiyo maana hustawi pale ambapo ukoka umeshindwa. Nilitembea taratibu nikaona mpangilio wote: mafunjo miguu ikiwa majini, kisha ukoka mbichi, mbele kidogo ukoka unakonda, halafu hiyo nyasi ya sindano peke yake, halafu ardhi nyeupe. Mvua ni ileile na jua ni lilelile. Kinachotofautiana ni umbali wa maji chini ya ardhi na kiasi cha chumvi.

Watu hunishangaa nikisema mmea unaweza kufa kwa kiu udongo ukiwa umelowa. Chukua koroboi: utambi huvuta mafuta kutoka chini hadi juu. Udongo nao huvuta maji vivyo hivyo yakiwa karibu. Jua linayachukua maji, chumvi inabaki. Ikisharundikana kwenye mizizi, mmea hauwezi tena kunyonya maji uliyosimama ndani yake.

Amboseli ni sakafu ya ziwa la kale. Mvua yake ni kama milimita 350 tu kwa mwaka, na vinamasi vinaishi kwa mvua ya Kilimanjaro inayopenya kwenye miamba ya volkeno na kuibuka kwenye chemchemi. Migunga ya manjano ilipoanza kufa kwa wingi katikati ya karne iliyopita, lawama zikatua kwa Wamasai na mifugo yao. Mwaka 1973 mwanaikolojia David Western na mwenzake C. Van Praet wakaandika katika jarida la Nature kwamba maji ya chini yalikuwa yamepanda na kuileta chumvi mizizini. Mwaka 1974 Amboseli ikawa mbuga ya taifa, na baadaye mifugo ikatolewa. Miti haikurudi.

Ningetamani kuishia hapo, maana inanipa ushindi. Lakini Western huyohuyo baadaye alizungushia vipande vya ardhi uzio wa umeme kuwazuia tembo, na humo ndani migunga ikaota tena. Kumbe tembo nao walikuwa na mkono wao. Mimi namheshimu zaidi kwa kuipima upya hoja yake mwenyewe kuliko kwa ile makala ya kwanza.

Kwa hiyo naona hivi: maji na chumvi huamua nani aruhusiwe kuota, na mwenye meno huamua nani abaki. Swali la kwanza likirukwa, la pili halina jibu. Na maji hayakai mahali pamoja. Yakipanda, mistari ile ya nyasi husogea. Yakishuka na mvua ikaisafisha chumvi, ukoka hurudi. Picha ya mwaka mmoja haikwambii chochote, ndiyo maana sina subira na ripoti za wiki 2.

Kuna mradi ulimwaga mbegu za nyasi karibu na pale tuliposimama. Hakuna aliyepima chumvi, kazi ya kukoroga udongo na maji safi na kutumbukiza kipimo kidogo cha mkononi. Mvua zikanyesha, chumvi ikashuka, mbegu zikaota, picha zikapigwa. Kisha kiangazi kikaja, utambi ukavuta.

Kibao cha mradi bado kimesimama. Chini yake imetambaa ile nyasi ya sindano, na ndama wa mzee walikuwa wanaila.