Usiwaambie "Njooni Alhamisi" Kama Hutaki Waje

Jirani yangu alijificha chumbani, akamtuma mwanawe wa darasa la pili aende mlangoni akaseme, "Mama kaenda Dar." Nje, saa nane mchana na jua lile, walikuwa wamesimama vijana wawili wa mashati meupe na tai, beji nyeusi vifuani, wale wamisionari wa kanisa la Mormoni. Na siku hiyo hawakujileta. Ni yeye mwenyewe aliyewaambia wiki iliyotangulia, anatabasamu: "Karibuni sana wanangu, njooni Alhamisi." Walipogeuka kuondoka akatoka anacheka, na baraza zima likacheka naye. Mimi nilishindwa kucheka, na hasira ile ninayo mpaka leo.

Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Bagamoyo, na dini yangu sibadilishi. Kitabu cha Mormoni nilishapewa, cha Kiswahili, nikakirudisha kwa mikono miwili na shukrani. Wala sikuja hapa kuwapigia debe. Nimekuja kwa sababu uongo wetu wa mlangoni tumeuzoea mpaka tunauita ustaarabu. "Njooni Alhamisi." "Baba yao akirudi tutazungumza." "Inshallah tutaonana." Mwenyeji mwenzetu akiisikia Inshallah ya namna hiyo anajua kakataliwa, anaenda zake bila kinyongo. Mgeni wa miaka 19 hajui. Yeye anatoa simu anaandika: Alhamisi, saa nane, nyumba yenye geti la buluu. Na kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba jina la Mungu tunalitia ndani ya ahadi ambayo moyoni tumeshaivunja kabla mdomo haujafunga.

Jamani, hebu itazameni siku ya kijana huyu. Ratiba yao ya kawaida ni kuamka saa 12 na nusu asubuhi, kusali, kusoma maandiko, kusoma lugha, kisha kutoka. Wanatembea wawiliwawili, na mmoja haruhusiwi kumwacha mwenzake. Kurudi ni usiku, na saa 4 na nusu taa zizimwe. Katikati hapo siku nzima inategemea watu waliosema "njooni". Ukimdanganya wewe wa saa nane, na yule wa saa kumi naye akajificha, umemwachia barabara tu. Anatembea Magomeni mpaka Nianjema, hapa hapa Bagamoyo, na tai shingoni, anarudi, hajaongea na mtu zaidi ya watoto wanaomkimbilia wakiita "Mzungu!"

Wala si kwamba alichagua kuja kwetu. Anajaza maombi, anangoja, halafu inakuja barua kutoka uongozi wa kanisa lao, makao makuu yao yako Salt Lake City, Marekani, inamwambia nchi ya kwenda. Wavulana ni miaka 2, wasichana miezi 18. Pale kijiweni kuna mtu mzima aliyeapa kwamba wanalipwa na CIA, majasusi wa Marekani. Hawalipwi mshahara. Kijana anayetoka Marekani, yeye na wazazi wake ndio wanaochangia dola 500 kila mwezi kwa ajili ya kazi hiyo. Hana mpenzi, haendi sinema, hana kulala mchana. Ana siku moja ya maandalizi kwa wiki, mara nyingi Jumatatu, afue, anunue chakula, aongee na kwao. Hata hiyo simu ya kila wiki imeruhusiwa tangu Februari 2019 tu. Kabla ya hapo mama alikuwa akingoja Krismasi na Siku ya Mama ndipo aisikie sauti ya mwanawe.

Nami nina mtoto wa umri huo. Nikifikiria kijana huyu Jumatatu anamwambia mama yake kwenye simu, "Mama, Alhamisi kuna familia imetukaribisha," na mama wa watu kule anamshukuru Mungu kwamba mwanawe amepata watu wema, roho inaniuma kweli.

Halafu tunawaita wenye kiburi. Bibi mmoja mtaani alikasirika kwamba aliwakaribisha ndani wakakataa, wakabaki nje ukutani. Alikuwa peke yake nyumbani. Wana sharti kwamba wavulana hawakai ndani na mwanamke kama hakuna mwanamume mwingine mtu mzima. Sisi tunaofundisha watoto wetu adabu hiyohiyo tangu madrasa, tulipaswa kuwa wa kwanza kuwaelewa! Na chai vilevile. Hawanywi chai ya majani wala kahawa, ni katazo la dini yao pamoja na pombe na tumbaku. Mpe dafu, mpe juisi ya ukwaju, mchemshie mchaichai mtupu usio na majani ya chai, atakunywa mpaka amalize. Mgeni asiyekula nguruwe tungemlinda asidanganywe. Huyu asiyekunywa chai tunamnunia.

Kuna jingine dogo ila linaudhi. Mwenzake na yule mzungu ni kijana wa Zimbabwe, naye watu wanamuuliza, "Wewe wanakulipa ngapi kuwatafsiria?" Amekuja kwa kazi ileile, beji ileile, na Kiswahili amekifundishwa kama yule mwenzake. Kwao pia ni mbali.

Kinachonishangaza ni kwamba mambo haya tunayo ndani. Vijana wetu wa Tabligh, wale wanaozunguka kuwakumbusha Waislamu dini, wanatoka khuruji, yaani safari ya mahubiri, siku 3, siku 40, wengine miezi 4, kwa gharama zao, wanalala msikitini katika miji wasiyoijua na kugonga mlango kwa mlango. Mwanangu ametoka nao. Aliporudi hakulalamikia njaa wala mbu. Alisema waliomwambia "sitaki" hawakumsumbua moyo. Waliomchosha ni wale waliosema "nakuja sasa hivi, tangulieni msikitini", akakaa akiwangoja mpaka swala ikaisha. Basi na hao waliomfanyia hivyo ni Waislamu wenzetu. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba tunafanya vile kuilinda dini.

Na huu ndio mji gani wa kuona ajabu kijana wa mbali kuja na dini yake? Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika 1868, na ukipita makaburi ya pale Misheni utaona wengi walizikwa wangali vijana. Sheikh Ramiya mwenyewe aliletwa hapa akiwa mtoto, mtumwa kutoka bara, akaja kuwa mwalimu wa mji mzima, na mpaka leo maulidi yake yanajaza watu.

Kwa hiyo sema hapana. "Ahsanteni wanangu, sisi dini yetu inatutosha, msipoteze muda wenu hapa. Mna kiu?" Maneno hayo hayamalizi dakika. Kijana atakushukuru, atakunywa maji, atakwenda kwa anayemtaka. Na kama siku ulishawapa, kwenye kikadi walichokuachia kuna namba, piga uwaambie wasije.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba wanaowaogopa wana haki zao. Mzazi asiyetaka mtoto wake mdogo ahubiriwe bila yeye kuwepo yuko sahihi, na awaambie hivyo usoni. Na yuko kaka mmoja mvuvi, msomaji sana, aliyenirushia hoja iliyonikamata: kanisa hilo liliwanyima watu weusi ukuhani mpaka Juni 1978. Ni kweli, na ni jambo zito, hasa kwa watu wa mji uliopitisha watumwa kama huu. Nilimuuliza kama ameshawaambia wenyewe. Akasema hapana, huwa anawaitikia salamu na kuwaambia wapite wiki ijayo. Kaka yangu, wakipita waulize! Muulize na huyo wa Zimbabwe, yeye amelipimaje hilo mpaka akavaa ile beji. Msikilize mpaka amalize, halafu mwambie kama jibu limekutosha au halikukutosha.