Waziri Mkuu na Wingi Uliomweka Madarakani

Kila yanapozuka maneno ya kurekebisha katiba, barazani petu hapa Mji wa Kale, Mombasa, huanza ubishi uleule: je, Waziri Mkuu humshinda Rais kwa nguvu, au ni cheo cha kumpoza aliyekosa urais? Kahawa hupoa tukiwa bado hatujatambua kwamba tunabishana juu ya vitu viwili vilivyopewa jina moja.

Katika mfumo wa bunge kama wa Uingereza, taifa halimpigii kura Waziri Mkuu. Kila jimbo humchagua mbunge wake, na mwenye kuungwa mkono na wabunge wengi ndiye huunda serikali. Akiwa na wingi wa kutosha, mtu huyo huweza mambo ambayo Rais wa Marekani huyatamani tu: huteua na kufuta mawaziri apendavyo, hupanga shughuli za bunge, na miswada yake hupita kwa kura za watu wa chama chake, ilhali Rais wa Marekani anaweza kuona mipango yake ikikwama katika Kongresi hadi muhula uishe. Lakini wingi huohuo ndio kitanzi chake. Margaret Thatcher alishinda chaguzi kuu tatu na hakushindwa hata moja akiwa kiongozi wa chama, lakini Novemba 1990 waliomng'oa ni wenzake wa chama. Boris Johnson alipata wingi wa viti 80 Desemba 2019; kufikia Julai 2022 mawaziri wake walikuwa wakijiuzulu mmoja baada ya mwingine, naye akatangaza kuondoka. Aliyemrithi, Liz Truss, alidumu siku 49.

Sisi wa Pwani tuna mfano wa karibu zaidi, ingawa hatuutaji. Oktoba 1963, hatima ya ukanda wa maili kumi, yaani mwambao wa Kenya uliokuwa wa Sultani, ambao bendera ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa ikipepea juu ya Fort Jesus kuuwakilisha, iliafikiwa kwa barua za mawaziri wakuu wawili, Jomo Kenyatta wa Kenya na Mohamed Shamte wa Zanzibar. Ahadi ya kulinda mahakama za kadhi, uhuru wa ibada na hati za ardhi za Pwani imo katika barua hizo. Vyeo vyao vilikuwa sawa, nguvu hazikuwa sawa. Kenyatta alikuwa na chama cha KANU kilichotoka kushinda uchaguzi. Shamte alikuwa na chama chenye viti 6 kati ya 31, na serikali yake ilisimama kwa hisani ya mshirika mwenye viti 12, huku upinzani ukiwa na 13. Mwaka mmoja baada ya uhuru Kenyatta alikiacha kiti cha Waziri Mkuu akawa Rais wa Jamhuri, na sidhani alifanya hivyo kwa kuwa kilikuwa kidogo. Nadhani hakupenda kiti ambacho wabunge wangeweza kukivuta.

Ile serikali ya nusu mkate ya mwaka 2008, ya muungano wa Rais Mwai Kibaki na Raila Odinga, ilikuwa kitu kingine. Raila, akiwa Waziri Mkuu, alipewa kazi ya kuratibu na kusimamia shughuli za serikali, na ni Bunge pekee lililoweza kumwondoa, kinga ambayo si haba. Hata hivyo baraza la mawaziri lilibaki chini ya Rais, na mizozo ya nani mkubwa ikaendelea hadi kwenye itifaki na viti vya sherehe. Rasimu ya katiba ya Novemba 2009 ilitaka kumfanya Waziri Mkuu kiongozi halisi wa serikali. Wabunge waliokutana Naivasha Januari 2010 wakaufuta mpango huo. Mapendekezo ya BBI, mpango wa kurekebisha katiba, yaliyozimwa na Mahakama ya Juu Machi 2022 yalikirudisha cheo, safari hii mwenyewe akiteuliwa na Rais.

Kwa hiyo wazee wangu wa barazani wakiniuliza kama ninataka Waziri Mkuu, huwauliza kwanza nani ataweza kumfuta kazi. Akiwa ni Rais, basi tumeongeza waziri mmoja na msafara wa magari.